Pampu ya HP moja, jenereta ya ngapi?

Umeme ukikatika jioni huku Goba, Dar es Salaam, huhitaji kuchungulia dirishani ili ujue nani ana jenereta. Unasikia tu. Zile kubwa za nyumba za mlimani hunguruma kwa sauti moja mpaka umeme urudi. Ya jirani yangu wa upande wa kulia ina wimbo wake: inawaka, inalia kama pikipiki kwa dakika moja, halafu ghafla sauti inazama, inakohoa mara mbili, kimya. Hapo najua amewasha pampu. Baada ya dakika tano anajaribu tena. Mara ya tatu anakuja ukutani: "Jirani, hivi pampu ya HP moja inataka jenereta ya ngapi?"

Pampu zetu zinafanana, HP moja moja. Jenereta yake imeandikwa 950. Hesabu yake ni hii: HP moja ni wati 750 hivi, jenereta ni wati 950, zinabaki 200 za kuwashia taa. Kujumlisha na kutoa kote yuko sawa, na pampu haiwaki. Swali hilohilo nimelisikia kwenye maduka ya Kariakoo, kijiweni kwenye kahawa, mara moja hata msibani, na kila aliyekuwepo alikuwa na namba yake. Wa kwanza anasema kilowati moja inatosha, wa pili anaapa kwamba chini ya kVA 5 usinunue, fundi anasema "inategemea" na kuishia hapo.

Inategemea kweli. Ila vinavyotegemewa havizidi vitano, na mtu yeyote anayesoma kibati cha pampu anaweza kuvielewa.

Kwanza, kwa nini mji huu umefika hapa. Maji mengi ya DAWASA yanatoka Mto Ruvu, na mtaani kwetu huja kwa zamu, mara nyingi usiku. Unayapokea kwenye tanki la chini, kisha pampu inayapandisha kwenye simtanki juu ya mnara, na kutoka huko yanashuka yenyewe bafuni na jikoni. Waliochoka kusubiri zamu wamechimba visima, kuanzia Kigamboni hadi Chanika. Kwa vyovyote vile kuna pampu katikati, na pampu inakula umeme. Oktoba 2022, Ruvu ilipopungua na mgao wa maji ukatangazwa, kila mwenye uwezo aliongeza tanki. Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 ukafuata, na wengi tukaongeza jenereta. Tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere uanze kuzalisha Februari 2024, watu huuliza: na megawati 2,115 zote hizo, umeme unakatikaje? Unakatika kwa sababu kuzalisha ni jambo moja, na waya, nguzo na transfoma vinavyoufikisha kwako ni jambo lingine. Mvua moja ya masika na mwembe mmoja uliolalia laini vinatosha kuwaweka mtaa mzima gizani.

Sasa maneno. Wati ni kasi ya kutumia umeme. Wati 1,000 ni kilowati moja, na kilowati moja ikitumika saa nzima ni ile uniti unayonunua kwenye LUKU. HP, ambayo mafundi huita hospawa, ni wati 746. Mtego wa kwanza umelala hapohapo. HP iliyoandikwa kwenye pampu ni nguvu inayotoka kwenye shafti kwenda kusukuma maji, si umeme unaoingia kwenye waya. Mota inapoteza kiasi kwa joto na msuguano, kwa hiyo pampu ya HP moja huvuta kama wati 1,000 hadi 1,100. Jenereta ya jirani yangu ilishashindwa kabla hatujafika kwenye ugumu wenyewe.

Halafu kuna kVA, inayowachanganya watu kuliko zote. Fikiria dafu. Unakunywa maji yaliyomo ndani, lakini muuza madafu anasukuma baiskeli yenye dafu zima, kumbi na kila kitu. Kilowati ni maji. kVA ni dafu zima. Mota ina tabia ya kuvuta mkondo ambao si wote unaogeuka kuwa kazi, na jenereta lazima iubebe hata hivyo. Jenereta nyingi huhesabiwa kwa uwiano wa 0.8, kwa hiyo kVA 5 ni kilowati 4. Muuzaji akikwambia "hii ni ya tano," muulize tano gani. Na kama ni jenereta ndogo ya mkononi, ya umeme wa njia moja, usishangae ukikuta kVA na kW zimeandikwa namba ileile. Hapo chukua kW.

Tuje kwenye kiini. Umewahi kumwona mtu wa mkokoteni Kariakoo amepakia magunia ya mchele? Kuuondoa pale uliposimama anaita wenzake wawili, wanasukuma kwa mabega mpaka mishipa inawatoka shingoni. Ukishaanza kutembea, wale wawili wanaachia, anaendelea peke yake huku anapiga mluzi. Mota ya pampu ni mkokoteni. Ikiwa inazunguka, huzalisha ndani yake umeme unaoupinga ule unaoingia, kwa hiyo mkondo unadhibitiwa. Ikiwa imesimama, hakuna cha kupinga, na kwa muda mfupi, mara nyingi chini ya sekunde moja, inavuta mkondo mara tatu hadi saba ya ule wa kawaida. Mafundi wanaita stati. Pampu inayotembea kwa ampea 5 inaweza kutaka 25 wakati wa kustati. Zidisha 25 kwa volti 230: ni zaidi ya 5,700. Hiyo ndiyo namba ambayo 950 ya jirani yangu ilikuwa inakutana nayo kila jioni.

Ukiwa kwenye umeme wa TANESCO huoni tatizo, kwa sababu transfoma ya mtaani ni ya kVA 50, 100 au zaidi. Kwake stati ya pampu yako ni mbu. Labda taa zinapepesa kidogo, basi. Jenereta haina mgongo huo. Injini yake imepangwa kuzunguka mara 3,000 kwa dakika ili itoe umeme wa hezi 50. Mzigo ukiikamata ghafla, mzunguko unashuka, volti zinashuka nao, na hapo ndipo jambo linapoharibika zaidi, kwa sababu nguvu ya mota ya kujizungusha hushuka kwa mraba wa volti. Kwa lugha ya nyumbani: volti zikishuka kutoka 230 hadi 160, mota haibaki na theluthi mbili ya nguvu zake, inabaki na chini ya nusu. Kwa hiyo inakaa pale pale ikivuma bila kuzunguka, mkondo bado ni ule mkubwa wa stati, waya zake zinapata moto. Ikiendelea hivyo kwa dakika chache unasikia harufu ya vanishi, na kesho unamtafuta fundi wa kusuka mota.

Mimi nililipa ada ya somo hili kwa kapasita mbili, zile zinazoisaidia mota kustati, na kusuka mota mara moja. Muuzaji wa jenereta yangu ya kwanza aliniambia "inavuta mpaka friji," na hakuwa amesema uongo. Friji dogo ilivuta.

Namba iliyoandikwa kwa maandishi makubwa ubavuni inahitaji aya yake. Daladala ina viti thelathini, lakini konda akikuambia gari lake linabeba hamsini, naye ana ushahidi. Jenereta nayo ina viti na ina waliosimama. Kibati kizuri huonyesha namba mbili: uwezo wa kudumu, ambao inaweza kuubeba saa na saa, na uwezo wa juu kabisa, ambao inaufikia kwa muda mfupi. Ubavuni huandikwa ule wa juu. Na zipo ambazo namba ya ubavuni ni jina la modeli tu: imeandikwa 950, geuza usome kibati, unakuta wati 650. Nunua kwa namba ya kudumu. Ile nyingine ichukulie kama ahadi ya kampeni.

Ngapi, basi? Stati ni ya muda mfupi, kwa hiyo huhitaji jenereta yenye zile 5,700 za kudumu. Kwa pampu ya juu, ile inayokaa sakafuni karibu na tanki, mimi hutumia kipimo hiki: HP nusu, jenereta ya kilowati 1.5 hadi 2 za kudumu. HP moja, kilowati 2.5 hadi 3. Pampu ya kuzamisha kisimani ni ngumu zaidi, maana iko mbali na lazima ishike kasi upesi. Kipimo kinachotumika sana kwa mota hizo ni kilowati 2 kwa HP nusu, 3 kwa HP robo tatu, 4 kwa HP moja, 5 kwa HP moja na nusu, na 7.5 kwa HP mbili. Zipo jenereta zenye alternata imara (sehemu inayozalisha umeme) zinazoweza kidogo zaidi ya hapo, lakini hilo ni la kupima kwa mita, si la kuamini kwa maneno ya dukani. Vipimo hivi ni vya pampu peke yake. Friza likiwa kwenye laini hiyohiyo, lizime kwanza, stati pampu, halafu liwashe.

Waya nao ni mwizi, mwizi asiyeshukiwa. Watu hununua jenereta sahihi, wakaiweka nyuma ya nyumba kwa sababu ya kelele, wakavuta ekstensheni nyembamba hadi kwenye pampu mita 50 mbali. Waya wa shaba wa milimita 1.5 kwa umbali huo, kwenda na kurudi, una ukinzani wa kama omu 1.2. Kwa ampea 25 za stati, volti 30 zinapotelea njiani. Jenereta inatoa 230, pampu inapata 200, na hapo jenereta yenyewe bado hatujaihesabia kushuka kwake. Waya wa milimita 4 ungepoteza kama volti 11 tu. Kisimani, usisahau kwamba urefu wa kebo inayoshuka shimoni unahesabika pia.

"Si niweke stabilaiza?" Hapana. Stabilaiza haina umeme wake. Inapoona volti zimeshuka inazipandisha kwa kuvuta mkondo zaidi kutoka jenereta ileile iliyochoka. Ni kumtwisha mzigo mwingine mtu aliyepiga magoti.

Upande wa pili kuna waliotishwa mpaka wakanunua kVA 10 za dizeli kwa ajili ya pampu ya HP moja. Hao nao nawahurumia. Injini kubwa ina kiwango cha mafuta inachokula hata ikiwa haina kazi, na dizeli inayotembezwa muda mrefu kwa mzigo mwepesi haipati moto wa kutosha kuunguza mafuta yote. Masizi yanajaa kwenye mfumo wa moshi. Ukiwa na wapangaji, friza za biashara na viyoyozi, sawa. Kwa maji tu, hapana.

Sababu ni kwamba maji hayahitaji umeme mwingi. Hili huwa halisemwi dukani. Kupandisha lita 2,000 mita 15 juu, kwa fizikia tupu, ni kazi ya uniti 0.08. Pampu yangu kwa uvivu wake hutumia karibu mara tisa ya hiyo: dakika arobaini kwa wati 1,100, na bado haifiki uniti moja. Kwa nyumba yetu ya watu watano simtanki hilo ni siku nne. Kwa hiyo hata umeme ukikatika siku nzima, jenereta haina sababu ya kuwaka siku nzima. Inawaka dakika arobaini, inakunywa chini ya lita moja ya petroli, inazimwa. Umeme wa taa huwezi kuuhifadhi kwenye ndoo, maji unaweza. Mwenye bajeti finyu na simtanki la lita 500, kabla hajaongeza ukubwa wa jenereta, aangalie bei ya simtanki la pili. Bei ya petroli ambayo EWURA huitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi haitamkosesha usingizi.

Na kuna swali ambalo mtu alipaswa kujiuliza mwanzoni: ni lazima iwe jenereta? Kama maji yako yako kwenye tanki la chini, ipo pampu yenye injini ya petroli, kama zile za wakulima wa mboga bondeni. Haina habari na umeme, stati si tatizo, na mara nyingi bei yake ni ndogo kuliko ya jenereta inayoweza HP moja. Kasoro yake ni kuvuta: pampu yoyote iliyo juu ya maji inategemea mgandamizo wa hewa kuyainua, na kwa vitendo haipiti mita 7 au 8. Tanki la chini lenye kina cha mita mbili, inafaa kabisa. Kisima kirefu, sahau. Soma pia kibati chake kuona inasukuma mita ngapi kwenda juu, isije ikaishia katikati ya mnara wako.

Ukiamua ni jenereta, chache za kuangalia dukani. Iwe ya volti 230 na hezi 50. Zinaingia za hezi 60 zilizotengenezwa kwa masoko mengine. Iwe na kidhibiti volti, AVR. Uliza kama waya za alternata ni shaba au alumini. Ya shaba ni nzito, na ukiinyanyua unaijua. Zile tulivu za inveta ni nzuri mno kwa kompyuta na televisheni, ila elektroniki zake hujikata haraka zikizidiwa, kwa hiyo ya kilowati 2 inaweza kukataa pampu ambayo jenereta ya kawaida ya kilowati 2 ingeistati kwa kuguna. Na ukikuta ya fezi tatu, yaani njia tatu, inauzwa kwa bei ya kuvutia, jua kwamba kwenye soketi moja ya kawaida unapata kama theluthi tu ya uwezo wake. Bora kuliko yote, nenda na mita ya fundi na pampu. Iunganishe hapohapo, ndani ya ndoo ya maji, na utazame volti wakati inastati. Muuzaji akigoma, maduka Kariakoo hayajaisha.

Mambo mawili yanaua, na kwa haya sitanii. La kwanza ni moshi. Kwa sababu ya wezi, watu huwasha jenereta ndani ya stoo au korido, mlango nusu wazi. Kwenye moshi ule kuna kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na anayeivuta hupatwa na usingizi asioamka. Nje, mbali na madirisha; ifunge kwa mnyororo kama ni wizi. La pili ni ile kebo yenye plagi pande zote mbili, inayochomekwa kwenye soketi ya ukutani ili jenereta "iwashe nyumba nzima." Kama meni swichi haijazimwa, umeme wako unatoka hadi kwenye transfoma, na transfoma haijui upande: inazigeuza volti zako kuwa 11,000 au 33,000 kwenye laini ambayo fundi wa TANESCO amepanda akijua imekufa. Umeme ukirudi, jenereta yako nayo inaungua. Chenji ova, swichi ya kuchagua TANESCO au jenereta, inayofungwa na fundi mwenye leseni inamaliza yote hayo. Kwa pampu tu, unaweza hata kuipa plagi yake, ukaichomoa ukutani na kuichomeka moja kwa moja kwenye jenereta.

Kwenye kuendesha, utaratibu una maana kuliko unavyoonekana. Washa jenereta, iache ipate moto dakika mbili tatu, ndipo uwashe pampu. Ukimaliza, zima pampu kwanza. Usiache petroli iishe pampu ikiwa inatembea, hasa ya kisimani: jenereta inayokufa polepole inaipa mota volti za mwendo wa konokono, na beringi zake za chini zinasagika. Floti ya kwenye simtanki, ile inayozima na kuwasha pampu kufuata kina cha maji, nayo ikumbuke. Ikikata na kurudisha kila baada ya dakika mbili, jenereta inabeba stati baada ya stati. Oili ya kwanza imwage mapema, baada ya saa ishirini hivi, maana ina chembe za chuma za injini mpya. Na kama haitawaka kwa mwezi mzima, funga koki ya petroli uiache izime yenyewe bila mzigo, kabureta ibaki tupu.

Jirani yangu hakuitupa 950 yake. Inawasha taa, feni na televisheni, na kwa kazi hiyo ni hodari. Kwa maji tulikubaliana kitu kingine. Jenereta yangu ya kilowati 3 hufanya kazi dakika arobaini tu katika kila siku nne, muda uliobaki imelala. Tumepitisha kebo ya milimita 4 kwenye tundu la ukuta, na umeme ukikatika muda mrefu najaza simtanki langu, nazima pampu yangu, namwita, anawasha ya kwake. Petroli ni zamu kwa zamu. Wiki iliyopita ilikuwa zamu yake, na alileta lita tano badala ya mbili, kwa sababu mama mkwe wake amekuja kutoka Tanga na anafua kila siku.